Mwendesha mashtaka si wakili wa mlalamikaji: madaraka yake yanaanzia kwenye jalada, si kizimbani

Mzee wa Jalada (mwanzisha uzi)

Ndugu wanajukwaa,

Katika mwaka wangu wa kwanza nikiwa wakili wa serikali, mama mmoja aliyeibiwa ng'ombe alinifuata kwenye baraza la mahakama, akanishika mkono na kuniambia, "Wakili wangu, usiniangushe." Kwa ujana wangu na kwa kutaka kuonekana najua kazi, nilimjibu kwamba mimi si wakili wake. Alinitazama kana kwamba nimekwisha kuuza kesi, kisha akauliza, "Kama wewe si wangu, basi wewe ni wa nani?" Siku ile sikuwa na jibu la kumtosha. Tangu hapo nimefanya kazi upande wa Jamhuri kwa miaka mingi, na baadaye upande wa utetezi, na nimegundua kwamba watu wengi, wakiwamo waliosoma, hawajui hasa mwendesha mashtaka ni nani na anafanya nini. Nitaeleza ninavyojua kwa Tanzania Bara. Namba za vifungu ninazotaja za Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, na cha Sheria ya Ushahidi, ni za Toleo la 2022, kwa hiyo anayetumia toleo jipya azilinganishe kwanza.

Hati ya mashtaka huandikwa "Jamhuri dhidi ya fulani". Jina la aliyeibiwa, aliyepigwa au aliyeuliwa ndugu yake halimo kwenye kichwa hicho. Yeye ni shahidi, mara nyingi shahidi wa kwanza, lakini shauri si mali yake. Ndiyo maana familia zinapopatana nyumbani, zikachinja mbuzi na kuandikiana karatasi mbele ya mwenyekiti wa kijiji, kisha zikaja mahakamani "kufuta kesi", hushangaa kuambiwa kwamba kesi haifutiki kwa njia hiyo. Kifungu cha 163 kinairuhusu mahakama kuhimiza upatanishi katika shambulio la kawaida na makosa madogo ya namna hiyo yanayowahusu watu binafsi. Ubakaji, unyang'anyi na mauaji havimo, hata kama pande zote mbili zimekula sahani moja. Mahali ambapo mlalamikaji huendesha mwenyewe shauri lake la jinai ni Mahakama ya Mwanzo, ambako kwa kawaida hakuna wakili wa serikali anayesimama, na nadhani dhana ya "kesi yangu" imetoka huko, kwa kuwa ndiyo mahakama ambayo wananchi wengi wamewahi kuiingia.

Juu ya waendesha mashtaka wote yupo Mkurugenzi wa Mashtaka. Zamani cheo hicho kilitajwa katika sheria ya kawaida tu, chini ya kivuli cha Mwanasheria Mkuu. Mabadiliko ya mwaka 2005 yalikiingiza katika Katiba, Ibara ya 59B, na mwaka 2018 Ofisi ya Taifa ya Mashtaka ikasimamishwa kuwa ofisi inayojitegemea. Ibara hiyo inampa uwezo wa kufungua, kuendesha na kusimamia mashtaka yote nchini, inasema kwamba atakuwa huru na hataingiliwa na mtu wala mamlaka yoyote, kisha inamtaka azingatie mambo matatu: nia ya kutenda haki, kuzuia matumizi mabaya ya taratibu za utoaji haki, na maslahi ya umma. Someni mambo hayo matatu mara mbili. Kushinda kesi halimo, na idadi ya watu waliofungwa haimo.

Sasa nije kwenye jalada, kwa sababu kazi yenyewe iko humo. Watu hudhani mwendesha mashtaka ni yule anayesimama na kuuliza maswali. Hicho ni kipande cha mwisho. Kabla yake polisi wamepeleleza, wamechukua maelezo ya mashahidi na maelezo ya onyo ya mtuhumiwa (yale anayoyatoa baada ya kuonywa kwamba yanaweza kutumika dhidi yake), wamekusanya vielelezo, na jalada limefika mezani kwa wakili wa serikali. Hapo anakaa peke yake, hana hakimu wala wakili wa utetezi wa kumpinga, na anaamua mambo ambayo hayatasahihishika kirahisi baadaye: kama kuna kosa, ni kosa gani, nani ashtakiwe na nani awe shahidi, na kama jalada lirudishwe kwa mpelelezi likiwa na maelekezo au lifungwe.

Uamuzi wa kwanza ni hati ya mashtaka, na hapo ndipo nimeona kesi nyingi zikifa kabla hazijazaliwa. Katika rufaa ya Mussa Mwaikunda ya mwaka 2006, shtaka lilikuwa la kujaribu kubaka kwa kutumia vitisho, lakini maelezo ya kosa hayakutaja vitisho hivyo. Mahakama ya Rufani ilisema kwamba mshtakiwa hana budi kuelezwa kila kiungo cha kosa analoshtakiwa ili aweze kujitetea, na hatia ile ikaondolewa. Katika Kashima Mnadi, rufaa ya mwaka 2011, mahakama hiyo ilisisitiza kwamba shtaka la unyang'anyi wa kutumia silaha lazima litaje ni nani aliyetishwa au kushambuliwa ili mali ichukuliwe. Tukumbuke kwamba kosa hilo lina kifungo kisichopungua miaka 30. Tangu hapo mahakama imelegeza kamba kidogo, na makosa madogo ya kutaja namba ya kifungu yanaweza kusamehewa iwapo mshtakiwa alielewa vizuri anachoshtakiwa, lakini mwanasheria anayetegemea kusamehewa kila siku si mwanasheria wa kumpa jalada la mauaji.

Uamuzi wa pili ni ushahidi. Chukueni mfano wa dawa za kulevya. Pakiti imekamatwa nyumbani kwa mtu usiku, ikaandikwa hati ya ukamataji mali, ikapelekwa kituoni kwa mtunza vielelezo, ikaenda kwa Mkemia Mkuu wa Serikali, ikarudi, na miezi kadhaa baadaye ikaletwa mahakamani. Je, ni pakiti ile ile? Katika shauri la Paulo Maduka na wenzake Mahakama ya Rufani ilieleza kwamba mnyororo wa utunzaji wa kielelezo unapaswa kuonekana kwa mpangilio na kwa maandishi: nani alikishika, lini, alimkabidhi nani. Swali hilo linapaswa kuulizwa na mwendesha mashtaka wakati jalada liko mezani, kwa sababu wakati huo fomu iliyokosekana inaweza kutafutwa na afisa aliyehama anaweza kuitwa. Akisubiri mpaka wakili wa utetezi ndiye aulize, jibu litakuwa ni hukumu ya kumwachia mshtakiwa. Kuna jambo jingine dogo linaloudhi: waraka ukipokelewa kuwa kielelezo ni lazima usomwe kwa sauti mahakamani, kanuni inayotajwa kwa jina la Robinson Mwanjisi tangu mwaka 2003. Usiposomwa, unaondolewa kwenye kumbukumbu. Nimeshuhudia maelezo ya kukiri kosa yakiondolewa kwa sababu tu aliyeyatoa mahakamani alikaa chini bila kuyasoma, pengine kwa uchovu wa saa nane mchana, na rufaa yote ikaporomoka.

Jambo la tatu huwashangaza watu kuliko yote. Mwendesha mashtaka haruhusiwi kuchagua mashahidi watamu na kuwaficha wachungu. Ni kweli Sheria ya Ushahidi, kifungu cha 143, haidai idadi maalumu ya mashahidi, na shahidi mmoja mkweli anatosha. Lakini tangu shauri la Aziz Abdallah la mwaka 1991 inajulikana kwamba mashahidi wanaolijua jambo lenyewe, na ambao wanapatikana, wanapaswa kuitwa. Wasipoitwa bila sababu ya kutosha, mahakama inaweza kuamini kwamba ushahidi wao ungekuwa mbaya kwa upande wa mashtaka.

Na hata baada ya hukumu. Nendeni siku moja mkakae kimya kwenye kikao cha Mahakama ya Rufani. Mfungwa aliyekaa miaka tisa gerezani anasimama na karatasi aliyoandikiwa na mwenzake, anaomba mahakama isome sababu zake za rufaa. Kisha wakili wa serikali anasimama na kusema, "Waheshimiwa Majaji, tunaunga mkono rufaa ya mrufani." Anaeleza kwamba amesoma kumbukumbu zote na ameona kwamba utambuzi wa usiku haukuwa salama, au kwamba shtaka lilikuwa na kasoro isiyotibika. Mara ya kwanza kuona jambo hilo nilidhani amekosea faili. Leo naona kwamba ndipo kazi yake inapokuwa safi kuliko popote.

Naacha upande huo mzuri, niseme upande mgumu.

Madaraka ya kuanzisha mashtaka yana pacha wake, ambaye ni madaraka ya kuyamaliza. Chini ya kifungu cha 91 Mkurugenzi wa Mashtaka anaweza, wakati wowote kabla ya hukumu, kuijulisha mahakama kwamba Jamhuri haikusudii kuendelea, hati ambayo mawakili huiita kwa Kilatini *nolle prosequi*. Mahakama haiulizi sababu, inamwachia mshtakiwa, na kuachiwa huko peke yake si sawa na kuonekana hana hatia. Tarehe 4 Machi 2022 mashtaka ya ugaidi dhidi ya Freeman Mbowe na wenzake watatu yaliondolewa kwa njia hiyo, wiki mbili tu baada ya Mahakama Kuu kusema kwamba wana kesi ya kujibu, yaani ushahidi wa Jamhuri unatosha kuwataka wajitetee. Mwaka uliotangulia, Juni 2021, viongozi wa Uamsho, jumuiya ya Kiislamu kutoka Zanzibar, waliachiwa baada ya Mkurugenzi kuondoa mashtaka yaliyokuwa yamewaweka mahabusu kwa miaka mingi. Kila mtu ana siasa zake kuhusu mashauri hayo, na sitaki uzi uende huko. Swali langu ni la kisheria: kama ushahidi haukutosha mwaka wa mwisho, ulitosha mwaka wa kwanza? Na kama ulitosha, kwa nini haukusikilizwa?

Hapo naona kiini cha jambo. Tumemfundisha mwananchi aangalie kizimba, wakati uzito wote uko kwenye maamuzi yasiyo na hadhira. Wimbo wa "Mheshimiwa, kesi imekuja kwa ajili ya kutajwa, upelelezi bado haujakamilika, tunaomba tarehe nyingine" unajulikana na kila aliyewahi kukaa kwenye benchi la mahakama ya hakimu mkazi. Unaimbwa kwa sababu mtu aliruhusu mashtaka kufunguliwa kabla jalada halijaiva. Mwaka 2022 sheria ilibadilishwa ili mashtaka yasifunguliwe kabla upelelezi haujakamilika, lakini makosa mazito yaliachwa nje, na makosa mazito ndiyo hasa yasiyo na dhamana.

Karibuni.

---

Kijana wa Mlimani

Shikamoo Mzee wa Jalada. Nashukuru kwa uzi huu, nipo mwaka wa tatu wa sheria na mambo haya darasani tunayapata kwa vipande. Nina maswali mawili. La kwanza, iwapo wakili wa serikali moyoni anaamini kabisa kwamba mrufani ndiye aliyetenda kosa, ila kumbukumbu zina kasoro, je, anapounga mkono rufaa hamsaliti mwathirika? La pili, Mkurugenzi wa Mashtaka ana nafasi gani katika dhamana? Tumesoma shauri la Mtobesya na lile la Sanga, nami bado naona kama yanapingana.

---

Mzee wa Jalada

Marahaba, mwanangu. Kwa swali la kwanza, imani ya moyoni si ushahidi. Mzigo wa kuthibitisha kosa bila kuacha shaka yenye mashiko uko upande wa mashtaka tangu mwanzo hadi mwisho, na Ibara ya 13(6)(b) ya Katiba inakataza mshtakiwa kutendewa kama mwenye hatia mpaka ithibitike. Wakili anayepinga rufaa huku akijua kwamba hatia imesimama juu ya kielelezo kisichosomwa anaiomba mahakama ifumbe jicho pamoja naye. Ninachokubali ni kwamba mwathirika ana haki ya kukasirika, ila hasira hiyo ielekezwe kwa yule aliyeharibu kazi pale mwanzo, ambaye mara nyingi ni wa upande wetu wenyewe.

Kuhusu dhamana, mashauri hayo mawili hayapingani ukiyasoma taratibu. Katika Mtobesya kilichopingwa ni kifungu cha 148(4), kilichomruhusu Mkurugenzi wa Mashtaka kuwasilisha hati ya kuzuia dhamana kwa madai kwamba usalama au maslahi ya Jamhuri yatadhurika. Hati hiyo iliifunga mahakama mikono, na mshtakiwa hakuwa na pa kuijibu. Mahakama Kuu ilisema kinakiuka Katiba, na mwaka 2018 Mahakama ya Rufani ikakubaliana nayo. Katika Dickson Sanga kilichopingwa ni kifungu cha 148(5), ambamo Bunge lenyewe limeorodhesha makosa yasiyo na dhamana, kama mauaji, ugaidi na utakatishaji fedha. Mahakama Kuu ilikitengua, lakini Agosti 2020 Mahakama ya Rufani ilikirudisha. Kwa lugha nyepesi, afisa mmoja hawezi kumnyima mtu dhamana kwa saini yake, lakini Bunge linaweza kwa orodha.

Sasa tazama matokeo yake, nawe utaona kwa nini nimesema madaraka yako kwenye jalada. Anayechagua kosa la kuandika kwenye hati ndiye anayeamua kama mtu atalala nyumbani au mahabusu. Mfanyabiashara mwenye mgogoro wa kodi akishtakiwa kwa kukwepa kodi, atapata dhamana. Ukiongeza shtaka moja la utakatishaji fedha juu ya mambo yale yale, anakosa. Hati ile iliyotenguliwa mwaka 2018 imerudi kwa mlango wa nyuma, safari hii ikiwa ndani ya hati ya mashtaka.

---

Afande Mstaafu

Nimesoma kwa makini. Mimi nilikuwa mwendesha mashtaka wa polisi wilayani enzi zile ambapo mkaguzi mmoja alikuwa na kesi thelathini kwa siku, Kanuni ya Adhabu iliyochanika jalada, na pikipiki isiyo na mafuta. Nakubali kwamba haikuwa sahihi jeshi lile lile lipeleleze, likamate na lishtaki, kwa maana ukimkosoa mpelelezi unamkosoa mwenzako wa kantini. Kuwaachia mawakili wa serikali kazi hiyo, kama Zanzibar walivyoanza mapema kupitia Mkurugenzi wao wa Mashtaka, ni jambo jema.

Hata hivyo ningependa uongeze jambo ambalo nyie wa vitabu mnalipita. Jalada linapokwenda na kurudi kati ya mpelelezi na wakili, mtu wa katikati anayeumia ni shahidi. Umemwita kutoka kijijini mara tatu, kila mara kesi imeahirishwa, nauli yake haijarudishwa, na mara ya nne hazimi tu simu, anahama kabisa. Mahakamani inaonekana kwamba mashtaka yameshindwa kuleta shahidi. Je, Mzee, mwendesha mashtaka ana wajibu gani hapo?

---

Mzee wa Jalada

Afande, umenikumbusha mambo. Wajibu wake ni mkubwa, kwa sababu shahidi anaitwa kwa jina la Jamhuri. Wakili mzuri hukaa na shahidi kabla ya siku ya kusikilizwa, amweleze atasimama wapi, na kwamba akiulizwa swali asilolijua aseme hajui. Hamfundishi la kusema, kwa kuwa akifanya hivyo amevuka mstari. Usikilizwaji wa awali chini ya kifungu cha 192 uliwekwa hasa ili mambo yasiyobishaniwa yakubaliwe mapema, na mashahidi wa mambo hayo wasisumbuliwe. Kwa jinsi unavyofanywa, mara nyingi mshtakiwa anakubali jina lake, umri wake na kwamba alikamatwa, basi. Daktari anayekuja kuthibitisha kifo ambacho hakuna anayekibishia bado anatolewa wodini.

---

Binti Kisauni

Salaam kutoka Mombasa. Huku kwetu tulikuwa na tatizo lile lile la kuondoa mashtaka bila maelezo, na tulijifunza kwa uchungu. Mwaka 2005 Mwanasheria Mkuu wa wakati huo, Amos Wako, aliondoa shtaka la mauaji dhidi ya Tom Cholmondeley, aliyempiga risasi askari wa wanyamapori Samson ole Sisina, na nchi ikafoka, hasa Wamaasai. Miaka mitano kabla yake, katika shauri la Crispus Karanja Njogu, Mahakama Kuu ilikuwa imethubutu kuikataa hati kama hiyo, lakini sheria yenyewe ilibaki.

Katiba ya mwaka 2010 ilibadili mambo. Ibara ya 157 ilimwondoa Mwanasheria Mkuu katika mashtaka, ikaunda ofisi ya Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma ambaye jina lake hupitishwa na Bunge la Taifa na ambaye anahudumu muhula mmoja wa miaka minane usioongezwa. Ibara ndogo ya 8 inasema hawezi kusitisha mashtaka bila ruhusa ya mahakama. Kwa hiyo ni lazima asimame, atoe sababu, na upande mwingine usikilizwe. Kwa nini Tanzania haijafuata njia hiyo?

---

Mzee wa Jalada

Dada yangu wa Kisauni, nimeitamani ibara hiyo kwa muda mrefu. Ningependa tu tusiipe sifa isiyostahili. Novemba 2022 kesi ya ufisadi ya shilingi bilioni 7.3 za Kenya dhidi ya Rigathi Gachagua, ambaye wakati huo alikwisha kuwa Naibu Rais, iliondolewa, na mahakama ilitoa ruhusa. Mahakama ikielezwa na mwendesha mashtaka mwenyewe kwamba hana ushahidi wa kuendelea, haina mkono wa kumlazimisha auendeshe. Faida ya utaratibu wenu ni kwamba sababu zinatamkwa hadharani na kuandikwa, na mtu anaweza kuzikosoa kesho yake gazetini. Kwetu sababu zinabaki ofisini.

Kwa nini hatujafuata? Jibu langu ni kwamba Ibara ya 59B iliandikwa kwa hofu ya kuingiliwa, ikasahau hofu ya pili, ambayo ni kutowajibika. Mkurugenzi wetu huteuliwa na Rais bila kupita bungeni. Uhuru wake umetamkwa vizuri sana, lakini hatujaweka mahali pa kumwuliza, "Bwana, ulifikiaje hapa?"

Mfano wa wazi ni makubaliano ya kukiri kosa, yaliyoingizwa kwenye sheria mwaka 2019, vifungu vya 194A na vinavyofuata. Kwa asili ni utaratibu mzuri: mshtakiwa anakiri, analipa fidia, mahakama inapunguziwa mzigo. Lakini Septemba ya mwaka huo huo Rais Magufuli alitoa siku saba kwa watuhumiwa wa uhujumu uchumi kuomba radhi na kurudisha fedha, na Mkurugenzi wa Mashtaka akatangaza kwamba watu 467 wako tayari kurejesha zaidi ya shilingi bilioni 107. Wengi wao walikuwa mahabusu kwa makosa yasiyo na dhamana. Makubaliano kati ya mtu aliyeshika ufunguo na mtu aliye nyuma ya mlango huo huo si makubaliano ninayoyajua mimi, na hata kama kila shilingi ilikwenda Hazina, bado ningesema hivyo.

---

Mama Dodoma

Nimesoma uzi wote, nikausoma tena. Mimi si mwanasheria. Kaka yangu aliuawa, watu wawili wakashtakiwa, tukahudhuria kesi kutajwa kwa zaidi ya miaka miwili. Siku moja tulifika tukaambiwa Jamhuri haina nia ya kuendelea, washtakiwa wakatoka mlango ule ule tulioingilia sisi. Hakuna aliyetueleza chochote. Mzee, unasema mwendesha mashtaka si wakili wetu, nakubali. Lakini kuna mtu yeyote mwenye wajibu wa kutuambia kwa nini?

---

Mzee wa Jalada

Pole sana, mama. Sitakudanganya: kifungu cha 91 hakimlazimishi Mkurugenzi kuitolea mahakama sababu, na mahakama haiwezi kumwuliza kwa niaba yako. Hilo ndilo pengo ninalolizungumzia tangu mwanzo wa uzi.

Hata hivyo hukosi pa kwenda. Chukua namba ya shauri, jina la mahakama na tarehe ya mwisho kutajwa, uandike barua kwa ofisi ya mashtaka ya mkoa shauri lilikofunguliwa, ujitambulishe kuwa ni ndugu wa marehemu, uombe kuonana na wakili aliyelisimamia jalada. Omba mambo mawili tu. La kwanza, kama jalada limefungwa au limerudishwa kwa wapelelezi, maana hayo ni mambo mawili tofauti na watu wengi hawaambiwi ni lipi. La pili, kama kuna shahidi ambaye alikosekana. Mara nyingine familia ndiyo inayojua shahidi huyo alihamia wapi, wakati polisi wameandika tu kwamba hapatikani. Kuondolewa kwa namna hii hakukuwa hukumu ya kuwaona hawana hatia, kwa hiyo ushahidi mpya ukipatikana mlango haujafungwa.

Yule mama wa ng'ombe niliyemtaja mwanzoni, kesi yake tulishindwa, kwa sababu alama za mifugo hazikuandikwa kwenye maelezo yake ya kwanza polisi, akaja kuzitaja mahakamani. Jalada lile lilipita mezani kwangu, na mimi ndiye niliyeliidhinisha bila kumwita nimwulize ng'ombe wake wana alama gani.

---

Afande Mstaafu

Mama Dodoma, ukiandika barua hiyo nakala peleka pia kwa mkuu wa upelelezi wa wilaya, na uhakikishe imegongwa mhuri wa kupokelewa. Bila mhuri itaonekana hujawahi kufika.